Bakuli la Mama Mkubwa Luyen

Ouakam, Dakar
17 Novemba 2019

Mama Mkubwa Luyen,

Shikamoo. Hatujawahi kuonana, lakini wewe ni mama yangu hata kama bahari zimekaa katikati, kwa hiyo shikamoo yako naitoa bila kusubiri. U hali gani huko Hai Phong? Na yale magoti uliyosema yanakuambia mvua inakuja kabla ya redio, yanaendeleaje? Wajukuu hawajambo? Sisi huku tupo. Mjomba Ansou anakusalimu. Amekatazwa sukari, na kila nikifua koti lake nakuta biskuti mfukoni. Miaka yote hii alijiona yeye ndiye kifungua mimba cha nyumba hii; alipoambiwa kumbe ana dada aliyemtangulia alinuna wiki nzima, kisha akaanza kukusifia kwa majirani kana kwamba amekulea yeye.

Bibi Tuyet naye anakusalimu sana. Macho yake yamekwisha, ulimi bado uko vilevile. Yeye ndiye anayeigeuza barua hii kuwa ya lugha yenu: mimi nasoma, yeye anasema, mjukuu wake anaandika. Basi ukifika mahali ukaona nimejitukana kupita kiasi, jua kuna matusi mengine kayaongeza mwenyewe.

Barua yako ya kujibu taarifa ya msiba ilifika Septemba. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Umeniuliza mambo matatu: mama yako alikula nini katika nchi hii, alichekeshwa na nini, na la tatu, alikufaje, na je, alilitaja jina lako. Mawili ya kwanza ningeyajibu siku ileile. La tatu ndilo limenikalisha miezi miwili sijashika kalamu. Mjomba Ansou ananiambia, “Andika alilala akaamkia peponi, basi. Mwanamke mzima wa miaka sabini kasoro, unataka kumuua na yeye?” Bibi Tuyet hasemi niandike wala nisiandike. Anasema tu kwamba atakayelala na jambo hilo ni mimi. Nitakujibu, Mama Mkubwa. Ila niruhusu nizunguke kwanza, maana nikianzia huko utaikunja barua hapohapo, na mengine ni mazuri, sitaki uyakose.

Alikula wali. Nacheka, lakini ndivyo: wali asubuhi, wali mchana, wali jioni, na kwa bahati yake aliolewa na watu wenye ugonjwa huohuo. Wali wa samaki wa hapa kwetu aliupika kuwashinda wenyeji, ila aliula kwa vijiti, kwenye sinia moja na sisi tuliokula kwa mkono, na ole wake aliyevuka kwenda upande wake. Ule mchuzi wenu wa samaki aliutengeneza mwenyewe, kwenye pipa nyuma ya nyumba. Jirani yetu, Mama Coumba, alikuja kulalamika kwamba harufu inawaamsha watoto wake. Bibi yangu Nhai, mama yako, akamshika mkono, akampeleka mpaka kwenye kamba ya Mama Coumba mwenyewe, alikoanika samaki wake wa kuvundika, akamwambia, “Na huyu wako je, ananukia waridi?” Mama Coumba alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo wakawa wanabadilishana, kikombe kwa kikombe.

Na nem, zile sambusa zenu za kuviringisha. Alikaanga nem katika soko la Kermel miaka thelathini na mmoja. Watoto wa sokoni walimwita Mchina, naye aliwafukuza na mwiko akipiga kelele, “Mchina ni babu yako!” Wakirudi aliwapa nem zilizopasuka, bure. Mimi naamini alizipasua kwa makusudi.

Habari ya bandarini, ya siku mlipoachana, mimi sikuijua mpaka mwaka huu. Bibi hakuisema, Babu hakuisema. Aliyenisimulia ni Bibi Tuyet, maana walipanda meli moja, wake wawili wa askari wawili wa Senegali. Anasema mwaka ule wa 1955, jeshi la Wafaransa lilipokuwa likiondoka huko kwenu, Babu yangu Malamine alisimama mbele ya meza ya karani amevaa nishani zake zote. Akasema ana mke na watoto wawili, wa kike na wa kiume, wote wake. Karani akakutazama wewe, miaka minne, mweupe kama mchele uliotwangwa, nywele zimenyooka. Akamtazama Babu, na Babu Mungu alimpa weusi wa kung’aa. Karani akacheka. Akawaita wenzake nao waje wacheke. Babu akasema, “Andika ni wangu.” Akasema mara ya pili. Akasema mara ya tatu, na hapo, anasema Bibi Tuyet, sauti ilikuwa imeshamkauka. Wakaandika mke na mtoto mmoja wa kiume, ndiye Ansou, mchanga mgongoni.

Baba yako alikuwa ameshauawa vitani kabla hujatambaa, na mama yake Bibi ndiye aliyekushika mkono pale bandarini. Bibi alimwambia, “Miaka miwili tu, nakuja kumchukua.” Wewe umeandika kwamba siku ile hukumbuki kitu ila kiatu, kwamba ulipoteza kiatu kimoja cha mkanda na ukapigwa kwa ajili yake. Hukukipoteza, Mama Mkubwa. Kilikuvuka ulipomng’ang’ania mama yako, naye akapanda ngazi ya meli nacho mkononi. Ninacho hapa mezani ninapoandika. Kuhusu Babu nakuomba jambo moja: usimhesabu pamoja na waliokuacha. Nishani zile alizifungia sandukuni alipofika Dakar na hakuzivaa tena, hata siku za sherehe, na sisi wote tulidhani ni unyenyekevu.

Basi Bibi akaletwa Casamance, kijijini kwa kina Babu. Mama mkwe alipoona kaletewa mkwe mwembamba wa macho membamba hakusema neno siku tatu. Siku ya nne akamtupia mganda wa miche ya mpunga, akamwonyesha shamba la maji. Alitaka kumwaibisha mbele ya wanawake wa kijiji. Masikini, hakujua amempeleka samaki mtoni. Bibi akakunja suruali, akainama, na wenzake walipokuwa bado kwenye mstari wa kwanza yeye alikuwa anamaliza wa pili, tena umenyooka. Mama mkwe akaweka mikono kiunoni akatangaza, “Malamine, huyu ni wetu. Amezaliwa tu pasipo pake.” Bibi akiisimulia hiyo alikuwa anainuka kabisa na kuinama, hata alipofika miaka themanini, ikabidi tumshike asianguke.

Umeuliza alichekeshwa na nini. Nikuambie habari ya rafu. Jikoni kwetu, juu ya gunia la mchele, kulikuwa na rafu yenye picha ya baba yake na ya mama yake, kikombe cha mchanga cha kuchomeka vijiti vya udi, na machungwa. Tuliiita rafu ya wazee. Bibi alisilimu, aliswali, alifunga mpaka sita za Shawali, lakini rafu hakuishusha. Siku moja Imamu alikuja kunywa chai, pua ikamfikisha jikoni, akauliza hii ni nini. Babu akamjibu haraka, “Rafu ya viungo, Imamu.” Imamu akamtazama mama yake Bibi pale ukutani, akasema, “Kiungo hiki kina macho makali,” akarudi kwenye chai yake. Babu alipofariki mwaka 1998, Bibi alimpandisha naye, akamwambia, “Haya baba, karibu kwenye viungo.” Alicheka peke yake jikoni mpaka akalia. Mwaka 2009 akafuata mama yangu, Lan, mdogo wako ambaye hukumjua. Siku hiyo hakucheka. Bibi ndiye aliyenilea mimi kuanzia hapo, ingawa nilikuwa mtu mzima, maana kufiwa na mama hakuna utu uzima.

Na kulikuwa na bakuli. Kila Mwaka Mpya wenu Bibi alitandika mezani bakuli moja zaidi ya hesabu ya watu, dogo, jeupe, lenye mstari wa buluu na pengo ukingoni. Alitia wali kidogo, akalaza vijiti kando, na pale hakukaa mtu. Tukiuliza ni la nani alisema la mgeni. Mgeni gani? “Anayeweza kuja.” Mjomba Ansou utotoni alikaa pale akaula ule wali. Ndiyo mara pekee Bibi alimpiga kofi, na Mjomba anasema akikumbuka shavu linawaka mpaka leo.

Sasa nikuambie kazi yangu, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Mimi ni fundi wa picha. Nina chumba kimoja barabarani hapa Ouakam, na watu huniletea picha za marehemu wao zilizoliwa na mende au kuingiwa na maji. Ninazisafisha kwenye kompyuta, nazikuza, nazitia fremu. Mtu akipokea uso wa baba yake bila mikwaruzo hulia mbele yangu, nami hujisikia nimefanya jambo. Sijidai, lakini kazi hii naijua.

Oktoba ya mwaka jana Bibi alipata kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia na ulimi wote. Akili ilibaki na macho yalibaki, na macho ya Bibi unayo wewe kwenye ile picha uliyotuma. Tulizoea kumwuliza, naye afumbe macho kwa ndiyo: Maji? Mto? Kugeuzwa? Unasikia baridi? Tulimwuliza kila tulichokijua. Tusichokijua hatukuweza kukiuliza.

Hospitali walitaka kitambulisho chake, nikapekua kabati, nikakuta kopo la biskuti. Nililikumbuka. Nilipokuwa na miaka saba nilimfumania Bibi amelishika analia. Nikamwuliza msichana wa kwenye picha ni nani, akasema, “Mtoto wetu wa kule,” akafunga kifuniko. Ndani mlikuwa na picha moja na kiatu kimoja kidogo cha mkanda. Mtoto kasimama juu ya kiti cha studio, gauni jeupe, ua mkononi, kakasirika na mpiga picha. Mama Mkubwa, hebu nisikilize nilivyofikiri. Picha ya mtoto, kiatu kimoja, bibi analia. Nilijua huyu alikufa. Sikukisia, nilijua, kama ninavyojua jina langu. Labda ni mdogo wake Bibi, labda ni mwanawe wa kwanza. Na kwamba hakumpandisha kwenye rafu kwa sababu picha ilikuwa ndogo mno na imechakaa. Bibi Tuyet alikuwa Thiès kwa mwanawe, amevunjika nyonga. Simu moja tu ingetosha. Sikupiga.

Nikafanya kazi siku tisa. Nilikurudishia nyusi ya kushoto iliyokuwa imeliwa. Niliondoa mkunjo uliopita shingoni. Nilikukuza mpaka ukalingana na mama yake Bibi, nikakutia fremu nyeusi kama za wengine. Nilitaka Bibi, ambaye hana tena sauti ya kuomba kitu, apate kitu ambacho hakuwahi kukiomba. Siku ya Mwaka Mpya wenu, Februari tarehe tano, niliamka mapema nikakupandisha kwenye rafu, kati ya mama yake na mama yangu. Nikaona bado hapajapendeza. Nikalitoa lile bakuli la mstari wa buluu kabatini, nikalitia wali, nikaliweka mbele ya picha yako.

Adhuhuri tulimbeba Bibi na kiti chake, Mjomba Ansou huku, mimi huku, watoto nyuma. Alitazama meza kwanza. Macho yalizunguka mezani polepole, yanatafuta, nami nikatabasamu kwa kuwa nilijua anatafuta bakuli. Kisha akainua macho kwenye rafu.

Alitoa sauti. Toka kiharusi hatukuwa tumesikia sauti yake, na watoto wakapiga makofi, tukapiga sote. Akanigeukia. Akanitazama, mdomo unahangaika, unahangaika, mate yanatoka, nami nikapiga magoti nikamfuta nikamwambia, “Najua, Bibi. Najua.” Nilijua nini mimi? Nikawasha udi, nikampa aushike kwa mkono wa kushoto. Akakunja ngumi. Nikadhani vidole vimekakamaa. Nikavifungua, Mama Mkubwa, kimoja kimoja, nikamwekea vijiti, nikaushika mkono wake ndani ya mkono wangu, nikamwinamisha mara tatu mbele yako kama alivyotufundisha yeye mwenyewe. Alikuwa analia. Nami nililia. Mjomba Ansou aliniambia siku ile kwamba nimempa mama yake zawadi kubwa kuliko alizowahi kumpa yeye.

Kuanzia jioni ile hakula. Alifumba mdomo, akafumba kabisa. Daktari akaja, akapima, akasema koo ni zima, tumbo ni zima, hakuna jipya. Nilimpikia uji wa wali wa tangawizi. Nilimletea chungwa, nikamkamulia midomoni, likamtiririka shingoni. Mama Coumba alikuja na kikombe chake cha mchuzi, akamwambia, “Nhai, onja tu unitukane.” Hakufungua. Tukamwuliza maswali yetu. Unaumwa? Hakufumba macho. Unataka hospitali? Hakufumba. Unamtaka Imamu? Unataka nini, Bibi? Alikuwa ananitazama mimi tu. Siku ya sita nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nilitupa kijiko nikamwambia, “Unatuadhibu kwa kosa gani?” Kisha nikaona labda atafarijika akiona rafu, nikaubomoa mpango wa chumba kizima, nikamgeuzia kitanda mlangoni, ili kila akifumbua macho akuone.

Alifariki tarehe kumi na sita, asubuhi. Siku kumi na moja. Nilikuwa nimemshika. Alizikwa alasiri ileile. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki na mikeka na sufuria.

Bibi Tuyet alikuja siku ya arobaini, kwa magongo mawili. Wakati ule jicho moja bado lilikuwa linaona. Alisema kabla ya kula anakwenda kumsalimu Nhai kwenye rafu. Nikamfuata jikoni. Alisimama pale, hasogei, kisha akaniuliza, “Luyen amekufa lini?”

Nikamwuliza Luyen ni nani.

Akaniambia. “Ni mama yako mkubwa. Yu hai. Ana nyumba ya bati jekundu na wajukuu watano, na mpwa wangu aliye kule alimwona wiki mbili zilizopita akinunua bata.” Akauliza ni nani aliyempandisha pale. Nikasema ni mimi. Akauliza, “Nhai aliiona?” Na mimi, kwa kuwa nilikuwa bado sijaelewa, nikamjibu, “Aliiona, Bibi. Alifurahi mno.”

Bibi Tuyet akakaa juu ya gunia la mchele, akajifunika uso.

Hunihitaji mimi nikueleze, wewe ndiye mwenye mila. Huku hakuna aliyetueleza, kwa kuwa Bibi alifanya kwa mikono na hakufundisha kwa mdomo. Bibi Tuyet anasema aliye hai hapandi pale. Ukimpandisha umetangaza kifo chake. Na bakuli la aliye hai hukaa mezani. Likitoka mezani likaenda kwenye rafu, maana yake mgeni hatakuja tena. Bibi aliona vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Alijua kwamba habari imekuja kutoka kwenu wakati yeye yuko kitandani, kwamba mjukuu wake amegundua siri yote, na amefanya linalopasa kufanywa. Akanitazama aniulize lini, na kwa ugonjwa gani, nami nikamwambia najua.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako la tatu. Umeuliza kama alilitaja jina lako. Hakuwa na ulimi wa kulitaja. Mama yako alikufa kwa msiba wako, Mama Mkubwa, na wewe u mzima, unakwenda sokoni kununua bata. Hakuna aliyemfanyia hivyo ila mimi, niliyempenda kuliko watu wote, kwa kazi ninayoijua vizuri kuliko kazi zote.

Sijui nikuombe nini. Nikisema nisamehe naona neno ni dogo. Bibi Tuyet anasema nimekukosea na wewe, kwamba kumweka mtu hai kati ya marehemu ni kumwita aje, na kila nikisoma ulipoandika magoti yanauma mimi husimama kwanza nikashika ukuta. Ukiona vema usinijibu, sitakulaumu. Ila usinyamaze kwa Mjomba Ansou. Yeye hana kosa, na anajifunza kuandika jina lako kwa alama zake zote, anakosea, anafuta.

Umeandika jambo moja ambalo lazima nikurudishie. Umesema mwaka 1996 Bibi Tuyet alipokuja kukutafuta, ulikuwa na uchungu, ukamwambia, “Mwambie sina njaa, nimeshashiba,” na kwamba maneno hayo yamekukaa kooni miaka hii yote. Yateme. Bibi Tuyet aliyafikisha nusu. Alimwambia, “Mwanao anasema ameshiba.” Na Bibi akamshika mikono yote miwili, akauliza ameshiba nini, wali au viazi, na nani kampikia, na akashinda siku nzima anakaanga nem huku akiimba. Sisi tulidhani soko lilikuwa zuri.

Umeandika pia kwamba ile picha ya Bibi aliyoiacha ujanani mpaka leo imo sandukuni mwako, hujaipandisha, kwa sababu hujawahi kuambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake. Mimi niliona. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Mpandishe, Mama Mkubwa. Umengoja vya kutosha.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kiatu chako. Kuna picha ya Bibi, nimeichapa mwenyewe, amesimama Kermel na mwiko mkononi, imo ndani ya fremu nyeusi. Hiyo ni ya kupanda. Na kuna ile yako ndogo ya zamani, na mikwaruzo yake yote, sikuigusa tena. Ile niliyoikuza nimeitoa kwenye fremu, lakini siwezi kuichoma, siwezi kuichana, siwezi kuitazama. Imo droo ya dukani, imelala kifudifudi, mpaka wewe uniambie la kufanya.

Bakuli limerudi mezani. Nilidhani nimeliosha, lakini mchanga wa udi umeingia kwenye lile pengo na hautoki.

Nisalimie wajukuu mmoja mmoja. Mama Coumba anakusalimu, Mjomba Ansou anakusalimu tena, Bibi Tuyet anasema vaa soksi. Jitunze baridi ikianza. Na tafadhali, hata kama hutaki kuniandikia, waambie wakuandikie mstari mmoja tu, kwamba u mzima, na siku ile umekula nini.

Mwanao, kama bado nina nafasi,

Arame Badji